Wamaya na mwamba unaokunywa mvua

Mwanzoni mwa miaka ya 1840, msafiri Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood walifika Bolonchén, kijiji cha rasi ya Yucatán nchini Meksiko. Uwanjani palikuwa na visima, na kwa sehemu kubwa ya mwaka viliwatosha wanakijiji. Kiangazi kilipokolea vilikauka, na hapo kijiji kizima kikawa kinateka maji pangoni. Catherwood alichora alichokiona: ngazi moja kubwa mno iliyofungwa kwa magogo, pana kiasi cha watu wengi kupishana, ikishuka kwenye giza. Juu yake watu walikuwa wakipanda wakiwa wamebeba mitungi mgongoni, ukanda wa mtungi umepita kwenye paji la uso. Mwisho wa ngazi ile haukuwa mwisho wa safari. Ilibaki njia nyembamba na ngazi nyingine ndogo ndogo hadi kwenye vidimbwi vilivyokuwa mamia ya futi chini ya ardhi.

Watu hao walikuwa Wamaya, na mababu zao wa miaka elfu moja kabla walijenga miji yenye mahekalu marefu kuliko miti ya msituni. Waliwezaje kuinywesha na kuilisha miji hiyo mahali ambapo hata kijiji kinalazimika kuyafuata maji shimoni? Jibu linalozunguka mitandaoni ni jepesi: walikuwa mafundi wa maji, kisha ukaja ukame ukawamaliza. Si uongo, lakini limekatwa mno hadi likapotosha.

Tuanze na mvua, maana wengi hudhani ilikuwa haba. Haikuwa haba. Kaskazini-magharibi mwa Yucatán ni pakavu kweli, lakini Tikal, mji mkubwa ulioko Petén, kaskazini mwa Guatemala, hupata kadiri ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kusini zaidi mvua hupita milimita 2,000. Shida ni jinsi inavyokuja na inakokwenda. Hunyesha kwa nguvu kuanzia Mei au Juni hadi Novemba au Desemba, kisha inakata, na kufikia Machi na Aprili ardhi inapasuka. Na kule inakokwenda ni chini. Rasi nzima imekaa juu ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua huwa na tindikali kidogo, hula chokaa polepole, hufungua nyufa, nyufa zikawa mapango, na mapango yakawa mito inayotiririka chini kwa chini. Kaskazini mwa Yucatán mito ya juu ya ardhi haipo kabisa.

Paa la pango likiporomoka ndipo linapozaliwa shimo la maji liitwalo senote. Kaskazini, ambako maji ya ardhini hayako mbali sana, miji ilikaa karibu na mashimo hayo. Chichén Itzá ina mawili yanayojulikana: Xtoloc, lililotumika kwa mahitaji ya kila siku, na Senote Takatifu, lenye upana wa kama mita 60, ambamo walitupa sadaka za jade, dhahabu, ubani wa kopali, na watu. Watalii humiminika kwenye hilo la pili na kulipita la kwanza, ingawa ndilo lililoufanya mji ukalike.

Ukienda kusini ardhi inapanda na maji yanazidi kuzama. Kwenye vilima vya Puuc, kwenye miji kama Uxmal, Sayil na Labná, yako zaidi ya mita 60 chini. Kumbuka wachimbaji hawakuwa na sululu ya chuma, wala punda, wala ng'ombe, wala mkokoteni. Walikuwa na mawe makali, miti iliyochongwa ncha, na migongo yao. Kisima cha mita 60 ndani ya mwamba kwa zana hizo ni ndoto. Kwa hiyo waliacha kuyatafuta maji chini, wakaamua kuyakamata kabla hayajafika huko.

Kifaa chao kiliitwa chultun. Ni birika lililochimbwa ardhini kwa umbo la chupa: mdomo mwembamba wa kumtosha mtu mmoja kupenya, kisha tumbo pana. Kuzunguka mdomo walisakafia uwanja wa duara, wakauinamisha kidogo kuelekea katikati ili kila tone litakaloanguka humo literemke shimoni. Ndani walipiga lipu ya chokaa. Ufinyu wa mdomo ulikuwa na sababu zake: jua halifiki, maji hayapotei kwa mvuke, na takataka na wanyama hawaingii kirahisi. Birika la kawaida lilibeba kiasi cha lita 30,000. Tuseme watu 25 wa ua mmoja wanalitegemea mwaka mzima: kila mmoja anapata lita tatu na kitu kwa siku. Hizo ni za kunywa na kupikia, basi. Lakini mvua zikiwa zinalijaza tena kwa nusu ya mwaka, akiba hiyo inatakiwa kuvusha kiangazi tu, na hapo fungu la kila mtu linakaribia kuongezeka maradufu. Labná peke yake ina mabirika kama 60.

Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Birika ni mali ya ua. Ukoo umelichimba, ukoo unalisafisha, ukoo unalitekea. Mfalme anaweza kuwa na mabirika makubwa zaidi, lakini hawezi kufunga la kwako. Tikal mambo yalikuwa kinyume.

Tikal imekaa juu ya mgongo wa vilima, haina mto, haina ziwa, haina senote. Katika karne ya 8 ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Walichofanya wajenzi wake ni kuugeuza mji wote kuwa paa la kuvunia maji. Viwanja, ngazi, nyua za mahekalu na njia vilisakafiwa kwa chokaa na kuinamishwa kuelekea kwenye mabwawa. Eneo la katikati lililosakafiwa hivyo linakadiriwa kuwa hekta 62. Hekta moja ikipata milimita 1,500 hutoa mita za ujazo 15,000; zidisha kwa 62, unapata mita za ujazo 930,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa yanayopotea. Mabwawa yenyewe yalianza kama machimbo: jiwe lilipanda juu kuwa hekalu, shimo likabaki chini kuwa bwawa. Hakuna kazi iliyofanyika mara mbili. Ukuta wa bwawa nao ulikuwa barabara ya kuvukia kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine.

Kubwa kuliko yote ni Bwawa la Ikulu. Timu ya Vernon Scarborough wa Chuo Kikuu cha Cincinnati ililipima na kuchapisha matokeo yake mwaka 2012: ukuta wa mawe, kifusi na udongo wenye urefu wa mita 80 na kimo cha mita 10, ukizuia takriban mita za ujazo 75,000. Ulikuwa na matundu ya kutolea maji kwa vina tofauti, kwa hiyo mtu aliyesimamia angeweza kuyaachia kidogo kidogo yateremke. Mabwawa ya juu, karibu na ikulu na mahekalu, yalikuwa ya kunywa. Yale ya pembezoni, chini ya makazi, yalipokea maji yaliyokwisha kupita kwenye nyumba za watu, na hayo yaliweza kuelekezwa kwenye mashamba yaliyopakana na vinamasi.

Halafu kuna uchujaji. Katika bwawa liitwalo Corriental watafiti walikuta, katika matokeo ya mwaka 2020, mchanga wa kwatsi na madini ya zeolaiti ambayo hayapatikani kwenye chokaa ya hapo. Chimbuko linalolingana nayo liko kama kilomita 30 kaskazini-mashariki, mahali ambapo maji safi hutoka kwenye mwamba. Zeolaiti ni madini yenye vitundu vidogo sana vinavyonasa uchafu, vijidudu na metali nzito. Hadi leo inatumika kwenye vichujio. Hawakuwa na hadubini. Inaelekea waliona tu kwamba maji yanayopita kwenye jiwe lile huwa matamu na maangavu, wakalibeba jiwe mgongoni, mzigo baada ya mzigo, wakaliweka pale maji yanapoingilia.

Laiti wangeweka pia kwenye Bwawa la Ikulu. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulipima matope ya mabwawa kadhaa ya Tikal, na yale yaliyokuwa chini ya pua ya mfalme ndiyo yaliyoonekana mabaya zaidi. Yalijaa zebaki. Ilitoka wapi? Kwenye zinjifuri, ile rangi nyekundu ya thamani waliyoipaka makaburi na kuta. Mvua iliisuuza kila mwaka ikaipeleka bwawani. Majitaka na mabaki ya jikoni ya karne nyingi nayo yalileta fosfati, na fosfati ikalisha sainobakteria, vile viumbe vidogo vinavyoyageuza maji yaliyotuama kuwa ya kijani. Chembechembe zao za DNA bado zimo kwenye matope. Baadhi yao hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo katika karne ya 9, ikulu yenye bwawa kubwa kuliko yote ilikuwa ikinywa maji machafu, huku Corriental, huko pembeni, yakiwa salama zaidi.

Kwa Wamaya hilo halikuwa suala la afya peke yake. Yungiyungi jeupe la maji, ambalo humea tu kwenye maji yaliyotulia, yasiyo na kina kirefu na yaliyo safi, lilikuwa alama ya ufalme. Wafalme walichongwa wakiwa wamevaa ua hilo kichwani. Bwawa lenye yungiyungi lilimwambia kila mpita njia kwamba mtawala anaelewana na Chaak, mungu wa mvua mwenye shoka la radi. Bwawa la kijani linalonuka lilisema lake pia.

Nisije nikaonekana nasema Wamaya wote walikuwa wakihangaikia uhaba. Palenque, kwenye vilima vya Chiapas, tatizo lilikuwa maji mengi kupita kiasi. Chemchemi zimejaa na vijito vinakatiza katikati ya mji kwenye kipande chembamba cha ardhi tambarare. Wao walijenga mifereji ya mawe iliyofunikwa, maji yakapita chini, na uwanja ukajengwa juu yake. Mfereji mmojawapo unabanwa ghafla mwishoni, jambo ambalo wahandisi waliolichunguza mwaka 2010 walisema lingetosha kuyarusha maji kwa shinikizo. Iwapo lilikuwa kusudio la chemchemi ya kuruka au bahati tu ya ujenzi, si muhimu sana kwa hoja yetu. Kinachofaa kushikwa ni kwamba hakukuwa na "mfumo wa maji wa Wamaya". Kila mji ulijibu swali la ardhi yake.

Chakula nacho kilifuata ardhi. Msingi ni milpa: fyeka kipande cha msitu wakati wa kiangazi, kiache kikauke, kichome mwezi wa nne au wa tano, kisha panda mvua ya kwanza ikishuka. Mahindi, maharage na maboga huingia shamba moja. Maharage yanapanda juu ya bua la mhindi na kurudisha naitrojeni, majani ya maboga yanafunika udongo usikauke. Baada ya misimu michache shamba huachwa liote msitu tena kwa miaka mingi. Mahindi yenyewe yalitokana na nyasi pori za bonde la Balsas, Meksiko, kiasi cha miaka 9,000 iliyopita, na hayakufika kwetu Afrika hadi baada ya safari za Columbus. Yalipokuja yalikuja bila mapishi yake: Wamaya huchemsha mahindi kwenye maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo hufungua vitamini ya niasini ambayo mahindi makavu huibana. Anayeishi kwa mahindi matupu bila kuyafanyia hivyo hupata ugonjwa wa pelagra.

Milpa ina ubaya mmoja, inakula ardhi. Kwa kila shamba linalolimwa, mengine kadhaa yanapumzika. Kwa muda mrefu wataalamu walifikiri huo ndio ulikuwa ukulima wote, wakahitimisha kwamba watu walikuwa wachache na miji ilikuwa mitupu, sehemu za ibada tu. Wazo hilo lilikwishaanza kubomoka pale zilipokuja ndege zenye laida, kifaa kinachorusha miale ya leza na kupima ardhi iliyo chini ya majani. Mwaka 2009 kilirushwa juu ya Caracol, Belize, eneo la kilomita za mraba 200, na vilima vikaonekana vimepangwa makinga maji ngazi kwa ngazi. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya Petén: zaidi ya kilomita za mraba 2,100 zilizopimwa, zaidi ya majengo 60,000. Waandishi wa utafiti huo walikadiria kwamba nyanda za kati za Wamaya zilikuwa na watu kati ya milioni 7 na 11 katika miaka ya 650 hadi 800. Ukisia nusu yake tu, bado milpa peke yake haiwalishi.

Jibu la ziada lilikuwa kinamasini. Kaskazini mwa Belize, kwenye kinamasi cha Pulltrouser na kando ya Río Hondo, walichimba mifereji na kurundika udongo uliotoka humo katikati, yakawa matuta mapana yanayozungukwa na maji. Aliyewahi kulima vinyungu vya Iringa au Njombe ataielewa kazi hiyo bila kuchorewa: mizizi inafikia unyevu hata kiangazi, na tope la mfereji linarudishwa juu kama mbolea. Baadhi ya wataalamu wanasema mifereji mingi haikuwa mpango wa neema bali wa kujiokoa, kwa kuwa maji ya ardhini yalipanda yakaanza kuzamisha mashamba ya zamani. Mimi naona mambo hayo mawili hayapingani. Mkulima hachimbi mfereji kwa raha.

Ukitaka kuona shamba lenyewe na si picha ya laida, nenda El Salvador, ukingoni mwa ulimwengu wa Wamaya. Katika karne ya 7 volkano ya Loma Caldera ilikifunika kijiji cha Joya de Cerén kwa majivu, na kilikaa hivyo hadi kilipogunduliwa mwaka 1976. Mimea ilioza ikaacha tundu lenye umbo lake ndani ya majivu; timu ya mwanaakiolojia Payson Sheets ikamimina plasta humo na kupata mhindi mzima. Unaona matuta, unaona nafasi kati ya shina na shina, unaona mabua yaliyokunjwa ili mahindi yakaukie shambani. Mwaka 2007 wakakuta shamba la muhogo, lenye matuta makubwa kuliko ya mahindi. Kabla ya hapo wapo waliokuwa wakibishana kama Wamaya walilima muhogo hata kidogo.

Sasa turudi kwenye chokaa, maana ndiyo inayofunga hadithi hii. Mwamba ule unaomeza mvua ndio uliochomwa ukawa lipu ya kuizuia. Kuchoma chokaa kunahitaji kuni nyingi, na kila uwanja mpya ulimaanisha miti zaidi chini. Ongeza mashamba, ongeza kuni za kupikia. Milima ikibaki wazi udongo huteremka, na tabaka nene za mfinyanzi zilizotoka vilimani zimekutwa chini ya vinamasi vingi. Wataalamu wa hali ya hewa waliokokotoa athari za kuondoa msitu huo wamekuta kwamba kulichangia kupunguza mvua yenyewe.

Na ukame ulikuja. Mwaka 1995 David Hodell na wenzake walichapisha walichokiona kwenye matope ya ziwa Chichancanab, Yucatán: tabaka za jasi, ambayo hutuama pale tu maji ya ziwa yanapopungua mno, zimerundikana kati ya miaka ya 800 na 1000. Utafiti wa mwaka 2018 kwenye ziwa hilohilo ulipima maji yaliyonaswa ndani ya chembe za jasi na kukadiria kwamba mvua ya mwaka ilishuka kwa kama nusu, na kwenye kilele cha ukame hadi asilimia 70. Tikal iliyokuwa ikivuna kila tone haikuwa na pa kukimbilia. Jiwe lake la ukumbusho la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 869.

Lakini tazama ramani pamoja na tarehe, na hadithi ya ukame pekee inaanza kupwaya. Miji ya kusini-magharibi, iliyokuwa na mito ya kudumu na chemchemi, ndiyo iliyotangulia kuanguka. Dos Pilas ilihamwa mwaka 761. Tarehe ya mwisho iliyochorwa Palenque, mji wa maji tele, ni 799. Aguateca ilichomwa moto na maadui karibu na mwaka 810. Huko chanzo kikubwa kinaonekana kuwa vita. Na wakati huohuo vilima vya Puuc, pakavu kuliko miji hiyo yote ya kusini, vilikuwa vinastawi. Majengo mazuri ya Uxmal yenye sura za Chaak pembeni ni ya karne ya 9 na mwanzoni mwa karne ya 10. Walikuja kuanguka baadaye, ila kama maji ndiyo yangekuwa hakimu peke yake, wao wangekuwa wa kwanza.

Ninavyoelewa mimi, ukame uliua ufalme zaidi ya ulivyoua watu. Mkataba wa Tikal ulikuwa huu: wewe njoo ujenge, lipa kodi, na mfalme atahakikisha bwawa lina maji mwezi wa nne. Miaka mitatu minne ya mvua mbaya mfululizo, bwawa likiwa la kijani na jirani akishambulia, mkulima hana sababu ya kubaki. Milpa unaweza kuianzisha popote. Kwa hiyo waliondoka, wakaenda pwani, kaskazini, na kwenye maziwa. Wazao wao leo ni mamilioni na wanazungumza lugha zipatazo 30, na huko Yucatán wapo wazee ambao bado huongoza ibada ya kumwomba Chaak mvua mashambani.

Angalia pia nani hakuhama. Lamanai, Belize, imekaa ukingoni mwa ziwa la mto New River ambalo halikauki. Watu waliendelea kuishi pale wakati Tikal ikiota miti, na Wahispania walipokuja katika karne ya 16 waliwakuta wamo, wakajenga kanisa. Na ufalme wa mwisho wa Wamaya kupoteza uhuru wake ulikuwa Nojpetén wa Waitza, kwenye kisiwa katikati ya ziwa Petén Itzá, mwendo wa siku chache tu kutoka Tikal. Wahispania waliuteka Machi 1697.